Akili Ikigeuka Wakili

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote baada ya darasa, watu wakiwa wanakunja mikeka yao, ni hili: "Mwalimu, nitaizimaje akili?" Anayeuliza huwa amechoka kweli. Amekaa dakika ishirini akifuata pumzi, na dakika zote hizo kichwani mwake palikuwa soko. Namwelewa. Ila kwa miaka niliyofundisha falsafa ya yoga nimejizuia kulijibu haraka, kwa sababu neno "akili" katika Kiswahili limebeba mizigo kadhaa ambayo wahenga wa India waliitenganisha kwa makini sana, na mmoja katika hiyo hatutaki kuuzima hata kidogo. Tunataka uwake.

Tunasema "akili yangu haitulii" tukimaanisha kelele za mawazo. Tunasema "ana akili sana" tukimaanisha mwerevu wa kufaulu mitihani. Tunamwambia mtoto "tumia akili" tukimtaka apambanue. Katika Sankhya, falsafa ya kale ya India ambayo yoga ya Patanjali, mtunzi wa Yoga Sutra, imesimama juu yake, kelele na upambanuzi havilali chumba kimoja. Chombo cha ndani, antahkarana, kina sehemu tatu. Manasi hupokea habari za macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, huzipanga, halafu husitasita. Wafafanuzi wa kale walipenda mfano wa msafiri anayeona kitu kimesimama mbali wakati wa giza: ni mtu yule, au ni kisiki? Kusita huko ndiko manasi. Ahankara hugonga mhuri wa "mimi": mimi ndiye niliyekiona, mimi ndiye ninayeweza kudhurika. Budhi hukata: ni kisiki, tuendelee. Samkhyakarika, maandiko mafupi ya Ishvarakrishna yenye beti sabini na kidogo, huieleza budhi kwa neno moja tu, adhyavasaya, na kila ninapotafuta tafsiri yake nafurahi kuona Kiswahili kimekwisha kunitangulia: ni kukata shauri.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba akili haizimiki analalamikia manasi. Dawa ya manasi inayozunguka ni budhi iliyo macho. Ukizizima zote mbili kwa pamoja, umelala.

Neno letu "akili" tulilipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni ndugu wa neno la kamba anayofungwa ngamia mguuni asipotee. Nikiwafundisha wanafunzi Katha Upanishad, moja ya maandiko ya kale ya hekima ya India, huanzia hapo. Mle ndani kijana Nachiketa anafundishwa na Yama, mfalme wa mauti mwenyewe, kwa mfano wa gari la farasi. Mwili ni gari. Hisi ni farasi. Manasi ni hatamu, na budhi ni mwendeshaji aliyezishika. Barabara ni vitu vyote tunavyovikimbilia. Lakini mwendeshaji hana gari. Mwenye gari amekaa nyuma, kimya, naye ni Atman, nafsi halisi. Wanafunzi wengi wakisikia mfano huu hukumbuka farasi, kwa sababu farasi ndio wenye vurugu. Mimi naomba wamtazame mwendeshaji, na wajiulize anamwendesha nani.

Hapa Sankhya inasema jambo linalowashtua wasomaji wapya, na mimi lilinichukua muda kulikubali: budhi ni maumbile. Ni kitu. Katika ile hesabu ya misingi 25 ya ulimwengu, budhi imo upande wa prakriti, yaani maumbile, upande uleule wa udongo na maji, ingawa ni laini kupita vyote. Haina fahamu yake yenyewe. Inang'aa kwa sababu inapokea mwanga wa purusha, mwonaji, kama kioo kinavyong'aa kikielekezwa dirishani. Kioo kikiwa safi sana, mtu anaweza kudhani ndicho chenye nuru. Patanjali anakuita kuchanganya huko asmita, na anakuweka katika yale mateso matano ya ndani, klesha, mara tu baada ya ujinga wenyewe. Anayejivunia "mimi ni mtu wa hoja" tayari amekosea kioo kwa dirisha. Na mwishoni mwa sura ya tatu ya sutra zake, yaani semi zake fupi za mafundisho, anasema ukombozi, kaivalya, huja pale usafi wa budhi unapolingana na usafi wa purusha. Tafakari jinsi budhi ilivyopewa heshima hapo. Kitu kilicho upande wa udongo kinaweza kusafishwa mpaka kikafanana kwa usafi na mwonaji, na papo hapo kikakoma kumfunga.

Uchafu wake ni upi? Budhi imefumwa kwa nyuzi tatu kama kila kitu cha prakriti, isipokuwa kwake yeye satva, uzi wa wepesi na uangavu, ndio mwingi. Rajasi, uzi wa mwendo na tamaa, ukizidi, kioo kinatikisika. Tamasi, uzi wa uzito, ukizidi, kinaingia masizi. Bhagavad Gita, kitabu cha mazungumzo ya Krishna na mpiganaji Arjuna, katika sura ya 18, beti za 30 hadi 32, imezipanga budhi tatu kwa mtindo huo. Ya satva hujua la kutenda na la kuacha, la kuogopwa na lisiloogopwa. Ya rajasi inayajua mema na mabaya, ila inayajua yakiwa yamepinda. Ya tamasi huona baya ndilo jema, ikalishika kwa moyo wote. Wengi tunaogopa hiyo ya tatu. Kwa watu waliosoma, hiyo ya kati ndiyo ya hatari, na nitaeleza kwa nini kwa jambo lililonikuta.

Baba yetu alituachia kiwanja chenye nyumba ndogo na minazi michache. Kaka yangu mkubwa alitaka kiuzwe. Mimi nilitaka kibaki. Wakati huo nilikuwa tayari nafundisha Sankhya, beti nyingi nazijua kwa moyo. Nikakaa usiku kadhaa nikipanga hoja, nikapata saba: bei ya ardhi inavyopanda, gharama za kuhamisha hati, maneno ya baba, heshima ya ukoo, na nyingine. Nilizitoa mbele ya familia moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, bila kumkatiza mtu. Kaka alikosa la kusema. Nilirudi nyumbani nikiamini nimetenda kwa budhi safi, maana sikuwa nimepandisha hata sauti. Kaka hakunipigia simu kwa miezi minne.

Shangazi ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu," aliniambia, "siku ile hukuja kushauriana. Ulikuja kutetea kesi."

Nililala na sentensi hiyo. Sankhya ina mpangilio wa kuzaliwa kwa vitu: prakriti huzaa budhi, budhi huzaa ahankara, na kutoka ahankara hutoka manasi na hisi. Nilikuwa nimeuchora mpangilio huo ubaoni mara nyingi bila kuuona. Upambanuzi unatangulia "mimi". Budhi ni mama, ahankara ni mtoto. Kwangu mtoto alikuwa ameshaamua kitambo kwamba kiwanja ni changu, akamtuma mama akatafute sababu. Hoja zilikuwa nzuri kwa kuwa mama ni hodari. Shauri lilikuwa limekatwa kabla yeye hajaitwa. Akili ilikuwa imegeuka wakili.

Gita, sura ya 2, beti za 62 na 63, inaonyesha safari hiyo hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni ndogo mno: mtu kukiwazawaza kitu. Kukiwaza kunazaa kushikamana, kushikamana kunazaa tamaa, tamaa ikizuiwa inazaa hasira, hasira inaleta upofu, upofu unavuruga kumbukumbu, kumbukumbu ikivurugika budhi inaangamia. Nilikuwa nimejichunguza kwenye hasira tu, nikajiona mzima. Kumbe majuma mengi kabla ya kikao nilikuwa nikikiwaza kivuli cha ile minazi kila ninapopata nafasi.

Wazee wetu walisema akili nyingi huondoa maarifa. Nimeusikia msemo huu ukitumiwa kuwanyamazisha vijana wenye maswali, na hilo linaniuma, kwa sababu budhi isiyouliza nayo ni mgonjwa, mgonjwa wa tamasi. Katika ulimwengu wa yoga wa leo ugonjwa huo umevikwa nguo nzuri. Unaambiwa acha akili mlangoni pamoja na viatu, sikiliza mwili, mwamini mwalimu. Siwezi kukubaliana. Baada ya kumfundisha Arjuna karibu Gita nzima, Krishna anamwambia katika ubeti wa 63 wa sura ya 18: yatafakari haya yote bila kubakisha, kisha fanya utakavyo. Anayesema ni Krishna, ambaye kwa waumini wake ni Mungu, naye anamrudishia mwanafunzi shauri alikate mwenyewe. Mwalimu wa mkeka anayekutaka usihoji amejipa cheo ambacho Krishna hakukitumia.

Basi mizani iko wapi, kati ya budhi inayotetea na budhi iliyolala? Jibu ninalolipenda limo katika Taittiriya Upanishad. Humo mtu anaelezwa kwa maganda matano, moja ndani ya jingine, na ganda la upambanuzi, vijnanamaya, limechorwa kama ndege. Kichwa chake ni shradha. Bawa la kulia ni rita, mpangilio wa haki wa mambo. Bawa la kushoto ni satya, ukweli. Kiwiliwili ni yoga, na mkia unaomtegemeza ni mahasi, ukuu. Nimekaa na picha hii miaka mingi. Shradha wengi huitafsiri "imani", mimi huiona ni kule kuamini kunakomfanya mtu akanyage daraja, kwa moyo ulio wazi kufundishwa. Mimi siku ile ya kikao nilikuwa na bawa la satya: kila hoja niliyotoa, ukiichukua peke yake, ilikuwa kweli. Rita haikuwepo, wala kichwa.

Kwa upande wa vitendo naanza na pumzi, na sababu yake imo kwa Patanjali. Katika sutra ya 52 ya sura ya pili anasema kwa pranayama, mazoezi ya kuongoza pumzi, kifuniko cha nuru hupungua. Hasemi kwamba pumzi inaleta nuru. Nuru ipo, kifuniko ndicho kinachokonda. Binafsi sijibu ujumbe mzito kabla ya kukaa na pumzi ndefu ya kutoa mpaka mabega yashuke. Ni jambo dogo, na limeniokoa mara nyingi kuliko usomaji.

Halafu naandika. Patanjali anataja njia tatu za ujuzi sahihi, pramana: kuona moja kwa moja, kukisia kwa dalili, na kupokea neno la anayeaminika. Nakunja karatasi mara tatu, safu moja kwa kila njia, na kila ninachodai kukijua lazima kipate safu yake. Pembeni naacha nafasi ya vile ambavyo havina safu, maana sutra zinataja mienendo mingine ya fahamu ambayo hufanana na ujuzi nayo siyo. Kuna kosa la kuona. Kuna vikalpa, neno linalosikika vizuri bila kitu nyuma yake. Kuna usingizi, ambao tuuache. Kuna kumbukumbu, ambayo Patanjali aliitoa kabisa nje ya pramana, na kila nikifundisha hapo darasa hunung'unika.

Baada ya maneno ya shangazi niliziweka hoja zangu saba kwenye karatasi hiyo. Bei ya ardhi ilikuwa kisio, na dalili zake zilikuwa za mtaa mwingine. Gharama za hati niliambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Maneno ya baba, hoja niliyoitegemea kuliko zote, hayakupata safu: nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliponiambia, sote wawili tukiwa tumekaa chini ya mnazi, na kila mwaka nilikuwa nimeyaongezea neno. Heshima ya ukoo nilijaribu kuieleza ni kitu gani hasa, nani ataipoteza na kwa namna ipi, kalamu ikasimama. Vikalpa. Zilibaki hoja tatu, nazo zilikuwa nyepesi.

Nikaendelea kuitazama karatasi, na ndipo nikaona kwamba katika safu zote tatu hapakuwa na mstari hata mmoja unaoeleza kwa nini kaka alitaka kuuza. Sikuwa nimeona, sikuwa nimekisia, sikuwa nimeambiwa. Sikuwahi kumuuliza. Ilikuwa saa mbili usiku, nikajua bado hajalala, nikampigia.