Skrubu iliyogoma kwenye laptopu: itoe bila kuumiza bodi

Skrubu ya laptopu yenye unene wa milimita 2 hufungwa kiwandani kwa nguvu ya vidole viwili. Ikigoma, wengi huhamia kwenye nguvu za mkono mzima, na hapo ndipo kichwa kinapolika, bisibisi ikateleza na kuchora bodi. Kabla ya kuongeza nguvu, jua kwanza inashikwa na nini. Mara nyingi ni mojawapo ya vitatu: kutu, gamu ya kiwandani inayopakwa skrubu isilegee, au kikombe cha shaba, kile kinachopokea skrubu, kilichong'oka ndani ya plastiki. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja ni sumu kwa mwenzake.

Mombasa mshukiwa wa kwanza ni kutu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hii hii ya mezani huanza kunyonya maji ya hewani hadi ikayeyuka pindi unyevu unapofika takriban asilimia 75. Asubuhi nyingi hapa tunapita hapo. Kompyuta ya duka lenye milango wazi kutwa, au ya nyumba inayotazama maji kule Nyali, inalowa maji ya chumvi bila kumwagiwa hata tone. Mashine za ofisi zenye eyakondishena nazo hazijasalimika: laptopu iliyopoa ikitolewa nje kwenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo huingia kwenye vishimo vya skrubu upande wa chini.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo hufura katikati ya hesi, ile mifereji ya skrubu, na kujikaza kama kabari. Pale skrubu ya chuma inapokaa ndani ya fremu ya alumini au magnesiamu, mambo hugeuka: kinacholiwa ni fremu, na utaona unga mweupe ukizunguka kichwa. Ukiuona, fahamu kuwa hesi za ndani ya tundu zimeshadhoofika. Ukilazimisha, zitatoka pamoja na skrubu.

Mkono ukizoea hutofautisha. Skrubu yenye kutu haisogei kabisa, halafu ghafla inalia "kak" na kulegea. Yenye gamu, au lile doa la nailoni la buluu kwenye hesi, inazunguka kwa uzito ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho kama inayopita kwenye mpira. Hiyo haina ugonjwa, endelea taratibu tu. Inayozunguka kwa wepesi lakini haipandi juu, usikimbilie kuilaumu. Laptopu nyingi zina skrubu zilizofungwa kwenye kifuniko zisipotee, na hizo hazitoki hata ukizungusha hadi kesho. Ikiwa pembe ya kifuniko imeinuka kidogo, skrubu imeshafunguka; isipoinuka, shuku kikombe cha shaba.

Sasa bisibisi, maana vichwa vingi vilivyolika ninavyoviona vimeuawa na ncha isiyo saizi yake. Skrubu za chini ya laptopu kwa kawaida huhitaji ncha ya msalaba ya Phillips, saizi PH0, baadhi PH1. PH00 ni ya vile vidogo zaidi vya ndani. PH00 inaingia kwenye tundu la PH0 bila shida, ndiyo sababu watu hudanganyika. Inagusa katikati tu, na ukizungusha inakwangua kuta za msalaba. Anza na ncha kubwa, shuka hadi upate inayoingia yote. Kipimo changu ni hiki: ncha ikishakaa, jaribu kuizungusha huku na huku bila kukandamiza. Ikiwa na mchezo hata kidogo, badilisha. Mashine nyingi za Kijapani zina msalaba wa JIS, yaani wa viwango vya Japani, ambao unafanana na Phillips ila una kina na pembe tofauti; ncha ya Phillips hupanda na kutoka. Bisibisi ya JIS hukaa vizuri kwenye zote mbili, kwa hiyo ukinunua moja nzuri, nunua hiyo. MacBook hutumia nyota ya pembe tano chini, saizi P5. Usijaribu bisibisi bapa pale.

Safisha kishimo kabla ya kuingiza chochote. Mchanga wa Bamburi ndani ya msalaba unatosha kuizuia ncha isifike chini. Sindano ya kushonea inachimbua vizuri, kisha brashi ya meno yenye spiriti kidogo.

Zima mashine, chomoa chaja. Betri ya ndani huwezi kuichomoa kabla kifuniko hakijatoka, basi itumie hadi chaji ishuke chini ya asilimia 25. Kumbuka pia mahali ilipo: katika laptopu nyingi za sasa betri imelala upande wa mbele, chini ya sehemu ya kuegemeza viganja. Skrubu za ukingo huo ndizo za kuogopa unapotumia joto au drili.

Weka mashine juu ya kitu kisichoyumba. Mkeka laini juu ya meza unatosha, kitanda hakifai. Simamisha bisibisi wima kabisa, kiganja juu ya kitako chake, ukandamize kwa nguvu na uzungushe kwa nguvu kidogo. Robo tatu ya juhudi iende chini, robo ndiyo izungushe. Kaza kwanza kidogo sana, kama unene wa unywele, halafu fungua. Kule kukaza kunavunja kutu upande ambao hesi hazijazoea. Ikisogea nusu mzunguko kisha ikakwama, irudishe ndani, itoe tena. Ukiilazimisha ipite, vumbi la kutu litajikusanya mbele ya hesi na shingo itakatika.

Ikiwa bado, joto ndilo jambo la pili, kabla ya mafuta. Chukua chuma cha kulehemu chenye ncha nzee, nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi, ukiegemeze juu ya kichwa cha skrubu. Kwenye fremu ya chuma au magnesiamu hesabu sekunde 10 hadi 15, kwa sababu fremu inanyonya joto haraka. Kwenye plastiki yenye kikombe cha shaba, sekunde 3 hadi 5 na si zaidi, la sivyo plastiki italainika na kikombe kitaanza kuzunguka, ukawa umejiongezea kazi. Kama ni gamu, fungua ikiwa ingali moto. Kama ni kutu, iache ipoe, rudia mara mbili, ndipo ujaribu: kutanuka na kusinyaa ndiko kunakopasua kutu. Skrubu iliyo juu ya betri usiipashe joto kabisa.

Mafuta ya kupenya kutu yanasaidia, ila kopo lisielekezwe kwenye mashine. Puliza kwenye kifuniko cha chupa, chovya kijiti cha meno, udondoshe tone moja ukingoni mwa kichwa. Subiri dakika 30. Kwa kutu sugu, iache usiku kucha. Mashine iwe imeinamishwa ili tone lisitambae kuelekea skrini au kibodi, na mafuta yakigusa plastiki yafute mara moja, kwani baadhi ya plastiki hupata nyufa. Mafuta taa yanapenya, lakini harufu itakaa na mteja mwezi mzima. Na usitie mafuta kisha ukaja na chuma cha moto. Chagua moja, au futa kabisa kwanza.

Kichwa kikishalika, acha kuzungusha. Kila mzunguko wa bure unapunguza njia zilizobaki. Mpira wa kufungia pesa, ule mpana, ukiwekwa kati ya ncha na kichwa hufaa kama msalaba umelika nusu. Kwenye shimo la mviringo ni kupoteza wakati. Bora zaidi ni pesti ya kusagia valvu, inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Chembe zake ngumu hung'ata ncha na kichwa kwa pamoja, na kiasi cha kichwa cha kiberiti kinatosha. Ikiwa kichwa kimesimama juu ya uso, kishike kwa praisi ya mdomo mwembamba yenye meno ya wima, au kata mfuo kwa wembe wa msumeno wa chuma na utumie bisibisi bapa. Zungushia tepu ya karatasi kwanza, tabaka mbili, ili ukiteleza uchore tepu na si kifuniko.

Supa gluu kwenye ncha sijawahi kuipenda. Hutiririka hadi kwenye hesi, nawe unakuwa umeigundisha ile skrubu uliyotaka kuitoa.

Drili ni ya mwisho, lakini si ya kuogopwa. Huhitaji kutoboa skrubu yote. Unataka kichwa kiachane na shingo. Kwa skrubu ya milimita 2 tumia biti ya milimita 2, kwa ya 2.5 biti ya 2.5, kwa ya 3 biti ya 3. Kichwa bapa cha laptopu mara nyingi hakifiki unene wa milimita 1, kwa hiyo hata biti ya kuzungushwa kwa vidole hukimaliza kwa dakika chache. Ukitumia ya umeme, mwendo uwe wa polepole kabisa. Kichwa kikitoka kama washa ndogo, inua kifuniko; kishina kitabaki kimesimama na praisi itakitoa kirahisi, kwa sababu kile kilichokuwa kinakibana kimeondoka.

Hatari ya drili ni vumbi. Punje moja ya chuma kati ya miguu ya chipu inatosha kuleta shoti. Zungushia kishimo ukuta wa mafuta mazito ya kujipaka, yatashika vumbi kama nta. Mwisho pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, halafu tepu yenye gundi, kwa kuwa alumini na magnesiamu haziitikii sumaku. Vumbi la magnesiamu linawaka. Likishika moto usimwagie maji, tia mchanga mkavu.

Kikombe cha shaba kinachozunguka hutibiwa kinyume na kutu: hapa unavuta badala ya kukandamiza. Ingiza kadi ya plastiki chini ya kifuniko karibu na skrubu, inua kidogo ili kikombe kibanwe, kisha fungua kwa ncha iliyogusa tu. Kikishatoka, kirudishe kwa gundi ya epoksi ya mchanganyiko wa vichupa viwili, kiasi cha punje ya mtama nje ya kikombe, hesi zikiwa zimezibwa na skrubu iliyopakwa mafuta. Iache saa 24. Walio na haraka hurudi kesho yake na kifuniko kile kile.

Kwenye kompyuta ya mezani tatizo huwa nguzo, kile kijiti cha hesi kinachoinua bodi: unafungua skrubu ya bodi na nguzo ya shaba inatoka nayo, imeshikana chini. Usivute bodi. Inamisha kwa upole, shika nguzo kwa praisi nyembamba, fungua skrubu ukiwa umeizuia. Ile nguzo ndogo ya diski ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi, hufanya hivyo hivyo.

Wakati wa kufunga, skrubu yenye kutu itupe. Nafasi yake weka ya urefu ule ule uliopimwa, kwani iliyozidi milimita 1 inaweza kutokea juu chini ya kiganja cha mwenye laptopu, au kugusa bodi. Ili usizichanganye, tangu unapofungua chora umbo la kifuniko kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali pake kwa tepu. Unapoirudisha skrubu, izungushe kwanza kinyume mpaka usikie hesi zikidondokeana, "tik", ndipo ukaze kwa vidole viwili. Kwa mashine inayokaa karibu na bahari, paka hesi grisi nyembamba kwa ncha ya kijiti, isipokuwa zile zenye doa la buluu.