Ratiba Isiyoandikwa: Dhana Potofu Kuhusu Miaka ya Ishirini na Kitu Baada ya Chuo

Kuanzia darasa la kwanza hadi siku ya mahafali, mwanafunzi huishi chini ya ratiba iliyopangwa na watu wengine: kipindi kinajulikana, mtihani unajulikana, na hata tarehe ya kufeli inajulikana mapema. Kisha joho linarudishwa, kwa kuwa lilikuwa la kukodi, na kwa mara ya kwanza ubao wa matangazo haumhusu. Pengo hilo halikai wazi kwa muda mrefu. Wazazi, wajomba, wahitimu wenzake waliotangulia kupata kazi, pamoja na watu wa mitandaoni ambao hajawahi kuonana nao, hulijaza kwa ratiba nyingine isiyoandikwa popote lakini inayokaririwa na wote: kazi ya maana akiwa na miaka 22, makazi yake mwenyewe 25, ndoa 27, na utulivu wa moyo 30. Dhana nyingi potofu kuhusu umri huu ni vipande vya ratiba hiyo, na karibu kila kipande kikiwekwa kando ya ushahidi huanza kupepesuka.

Dhana: "Utafanya kazi uliyoisomea."

Dhana hii hupendwa kwa sababu inaupa heshima uamuzi uliofanywa na kijana wa miaka 18 ambaye, pengine, alichagua fani kwa kuangalia ni ipi isiyo na vipindi vya alfajiri. Ukweli ni kwamba uhusiano kati ya shahada na kazi ni legelege kuliko wengi wanavyodhani. Wachumi wa tawi la Benki Kuu ya Marekani mjini New York walipochambua takwimu za mwaka 2010, waligundua kwamba ni asilimia 27 tu ya wahitimu wa shahada ya kwanza waliokuwa wakifanya kazi inayohusiana moja kwa moja na kile walichokisomea. Masomo hayakuwa yamepotea, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu hao walikuwa katika kazi zilizodai shahada. Ila waajiri wengi hawakujali sana shahada hiyo ni ya nini. Mhitimu wa falsafa anayejikuta akisimamia ghala hana sababu ya kujificha, na bila shaka yeye ndiye atakayehoji kwa kina zaidi iwapo shehena iliyopotea ilikuwapo kweli.

Dhana hii ina pacha wake, isemayo kwamba kazi ya kwanza huamua zote zinazofuata, hivyo kuiacha ni dalili ya kukosa msimamo. Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani imewafuatilia kwa miongo kadhaa watu waliozaliwa kati ya mwaka 1957 na 1964, na imeonyesha kwamba kwa wastani walishika kazi zipatazo 12 tangu walipokuwa na miaka 18 hadi walipofika miaka ya hamsini, karibu nusu yake zikiwa kabla ya kutimiza miaka 25. Kwa haki, hesabu hiyo inajumuisha vibarua vya muda mfupi, vikiwamo vile vya wakati wa masomo. Hata hivyo, msomaji aitazame tena miaka hiyo ya kuzaliwa, kwa sababu kizazi hicho ndicho kinachotoa wajumbe wengi katika kikao cha kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii kazini.

Dhana: "Bila kuwa na mtu ndani, hupati kazi."

Hapa kuna punje ya ukweli, na ndiyo inayoifanya dhana hii iwe ngumu kung'oa. Kujuana kunasaidia sana. Kinachokosewa ni aina ya mtu anayesaidia. Mhitimu huwaza juu ya mkubwa fulani mwenye kiti cha kuzunguka, au hutegemea marafiki wa chanda na pete. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu wa kazi za kitaaluma, za kiufundi na za uongozi katika mji wa Newton, karibu na Boston, na matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1973, yalikwenda kinyume na matarajio. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walionana naye kwa nadra au kwa vipindi tu. Mwaka 2022, utafiti uliotolewa katika jarida la Science na kuhusisha zaidi ya watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ulithibitisha wazo hilo na kuliwekea mpaka: wanaosaidia zaidi ni watu wa kufahamiana kwa kiasi, si wale wa karibu kabisa, wala si wale ambao hata jina lao unalisoma mara mbili.

Sababu yake haihitaji hesabu ngumu. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua, anasoma matangazo yale yale, na mara nyingi naye hana kazi. Kundi la marafiki watano waliohitimu pamoja huweza kutumiana tangazo moja la kazi kwa siku tatu mfululizo, kila mmoja akiamini kwamba amewaletea wenzake habari mpya, hadi tangazo lile limrudie aliyelianzisha naye ashukuru. Yule uliyekaa naye meza moja katika warsha miezi minane iliyopita, kwa upande mwingine, anaishi katika mkondo mwingine wa habari kabisa. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba kumwandikia mtu wa namna hiyo bila kuonekana mwombaji ni sanaa yenye mateso yake, na kwamba neno "habari za siku nyingi" limebeba mzigo mzito kuliko lilivyokusudiwa.

Dhana: "Urafiki wa kweli haupangwi kwenye kalenda."

Chuoni haukupangwa kwa sababu ulikuwa umeshapangwa na wengine: bweni moja, foleni moja, mhadhiri mmoja wa kumlaumu. Saa zilijikusanya zenyewe. Mtafiti wa mawasiliano Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kuzihesabu saa hizo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, akawauliza watu waliohamia mahali papya, pamoja na wanafunzi wapya wa chuo, kuhusu wale waliokutana nao. Makadirio yake ni kwamba mtu huhitaji saa zipatazo 50 kutoka kufahamiana hadi kuwa rafiki wa kawaida, saa 90 hivi hadi kuwa rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 hadi kuwa rafiki wa karibu.

Tupige hesabu. Watu wawili wazima, wenye kazi, wanaoonana kwa saa mbili kila baada ya wiki mbili, watatimiza saa 200 baada ya karibu miaka minne, mradi hakuna anayeahirisha, jambo ambalo historia ya wanadamu haijawahi kulishuhudia. Wanafunzi wanaolala chumba kimoja huzimaliza saa hizo ndani ya wiki chache, hata kama nusu yake ni ugomvi kuhusu dirisha. Na mtu asijifariji kwamba saa za ofisini zitafidia, kwa kuwa Hall aligundua pia kwamba muda wa kufanya kazi pamoja hauchangii ukaribu kama muda wa kupiga soga na kustarehe pamoja. Kwa hiyo mhitimu anayeona marafiki wamepungua hajabadilika kuwa mtu mbaya, wala wao hawajamkimbia. Mfumo uliokuwa ukiwakusanya bila kuwauliza ndio uliofungwa. Anayetuma mwaliko wenye tarehe, saa na mahali anafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na ofisi ya msajili, na anastahili kujibiwa kwa neno lililo wazi zaidi ya "tutaangalia".

Dhana: "Akiba nitaanza nikipata mshahara wa maana."

Hapa ukweli ni wa hesabu tupu. Chukua mtu anayeweka 1,200 kwa mwaka, za fedha yoyote ile, kuanzia miaka 25 hadi 35, kisha akaacha kabisa kuongeza. Mwenzake anaanza akiwa na miaka 35 na kuweka kiasi hicho hicho kila mwaka hadi miaka 65. Tukichukulia faida ya asilimia 8 kwa mwaka inayoachwa ijizalishe, wa kwanza, aliyeweka jumla ya 12,000, atafika miaka 65 akiwa na takriban 174,900, huku wa pili, aliyeweka 36,000, akiwa na takriban 135,900. Washauri wa fedha huupenda mfano huu kupita kiasi na husahau kutaja kwamba asilimia 8 haihakikishwi na mtu, kwamba mfumuko wa bei hula sehemu yake, na kwamba mwenye deni linalotozwa riba kubwa kuliko hiyo atafaidika zaidi akilipunguza deni kwanza. Husahau pia kwamba kuna mishahara ambayo haikutani na mwisho wa mwezi hata kwa mbali. Lakini anayeweza kutenga kidogo asikidharau kwa kuwa ni kidogo, maana katika hesabu hii miaka inafanya kazi kubwa kuliko kiasi.

Dhana: "Ubongo hukomaa ukifikisha miaka 25," na ile isemayo "ipo siku utajihisi mtu mzima."

Dhana ya kwanza imewapa vijana udhuru wenye sura ya kisayansi. Kijana wa miaka 24 na miezi 11 hununua kitu asichokihitaji kwa mkopo, akijua kwamba mwezi ujao busara itawasili. Ni kweli kwamba picha za ubongo, hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, zimeonyesha kuwa sehemu ya mbele, inayohusika na kupanga na kujizuia, huchelewa kupevuka. Lakini hakuna utafiti ulioukuta mlango ukifungwa katika umri wa miaka 25. Tafiti nyingi zilizoipa dhana hii nguvu ziliwapima watu kuanzia utotoni hadi mwanzoni mwa miaka ya ishirini, zikaishia hapo mabadiliko yakiwa bado yanaendelea, na wasomaji wakauchukua mwisho wa vipimo kuwa ndio mwisho wa ukuaji. Baadhi ya njia za nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu za ubongo zimeonekana kuendelea kubadilika hata baada ya miaka 30.

Ama hisia ya utu uzima, mwanasaikolojia Jeffrey Jensen Arnett alipendekeza mwaka 2000 kwamba kipindi cha miaka 18 hadi 25 kitazamwe kama hatua ya pekee, si ujana wa shule wala utu uzima kamili. Alipowauliza vijana kama wamekuwa watu wazima, wengi walijibu kwamba kwa namna fulani ndiyo na kwa namna fulani hapana. Walipoulizwa ni nini humfanya mtu kuwa mtu mzima, ndoa na kumiliki nyumba havikushika nafasi za juu. Walitaja kubeba wajibu wa matendo yao, kuamua mambo wenyewe, na kujitegemea kifedha. Wakosoaji wamesema, na kwa maoni yangu wana hoja, kwamba hatua hiyo ya kujitafuta ni anasa ambayo wengi duniani hawakuwahi kupewa, kwa kuwa waliingia kwenye majukumu kabla ya kuulizwa wanajihisije.

Kuhusu mwili, inatosha kusema kwamba ile hadithi ya uchomaji wa chakula mwilini kupungua ghafla baada ya miaka 25 haina msingi. Utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29 ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, kiwango hicho hubaki karibu pale pale kuanzia miaka 20 hadi 60. Suruali isiyofunga itafutiwe sababu nyingine, na kiti cha ofisini kihojiwe kwanza.

Dhana: "Zamani kila mtu alihama kwao na kufunga ndoa mapema."

Ni zamani gani? Nchini Marekani, umri wa kati wa wanaume katika ndoa ya kwanza, yaani ule ambao nusu yao huoa kabla yake na nusu baada yake, ulikuwa miaka 26.1 mwaka 1890, ukashuka hadi 22.5 mwaka 1956, kisha ukapanda tena. Wanaosema "enzi zetu" mara nyingi wanazungumzia bonde moja fupi katika mstari mrefu wa historia. Ndivyo ilivyo pia kwa kuishi na wazazi: sensa ya Marekani ya mwaka 1940 ilionyesha kwamba asilimia 48 ya wenye umri wa miaka 18 hadi 29 waliishi nao, kiwango ambacho hakikupitwa hadi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kilipofika asilimia 52. Uchumi unapobana, chumba cha utotoni hupata mpangaji wake wa zamani, ambaye sasa ana shahada na maoni kuhusu umeme unaoachwa ukiwaka.

Dhana: "Hii ndiyo miaka bora kuliko yote."

Husemwa na wakubwa, kwa upendo, mbele ya kijana ambaye amepokea asubuhi hiyo barua yake ya "tunasikitika kukujulisha". Wanasaikolojia wa kumbukumbu wana maelezo kuhusu chanzo chake. Watu waliokwisha kuvuka miaka 40 wanapotakiwa kukumbuka matukio ya maisha yao, kumbukumbu nyingi kuliko inavyotarajiwa hutoka katika umri wa miaka 10 hadi 30, na maelezo mojawapo ni kwamba kipindi hicho kimejaa mambo ya mara ya kwanza: mshahara wa kwanza, ufunguo wa kwanza, penzi la kwanza lililovunjika vizuri. Wingi wa kumbukumbu si kipimo cha furaha. Mjomba anayesifu miaka yake ya ishirini hasemi uongo. Anasoma daftari ambalo kurasa za kusubiri hazikuandikwa, na kama kungekuwa na shahidi wa wakati ule, mama yake kwa mfano, huenda angelisimulia kwa namna nyingine.