Kiatu cha kwendea pwani: gambuti liacheni kwa ajili ya mvua

Bamvua, zile siku maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, linakaribia na kama kawaida simu yangu haitulii, watu wananitumia picha za viatu, fundi hichi vipi, kitafaa pwani? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa nimeona bora niandike hapa mara moja, mwenye kusoma asome. Kwa wasionijua, mie fundi viatu, niko huku kusini Unguja, nashona na nauza mitumba, na wateja wangu wengi ni kina mama wa mwani na watu wa kuchokoa pweza. Na mwenyewe maji yakikupwa na mezani hakuna kazi ya haraka nachukua mchokoo wangu, ile fimbo ya kuchokolea pweza, natoka.

Nianze na gambuti maana ndo swali linalokuja kuliko yote. Watu wanaona gambuti limefunika mguu mpaka karibu na goti, mpira mzito, wanasema hapa mguu umepona. Ngoja nikwambie. Shamba la mwani hata maji yakiwa yamekupwa sana mara nyingi bado maji yako magotini, na ukiinama kufunga kamba yanapanda zaidi, sasa maji yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea, gambuti limejaa. Ukiwa bado umo majini hulioni uzito, lakini panda kwenye fungu au kwenye mwamba uone, unanyanyua lita kadhaa za maji kila mguu na huku kichwani una gunia. Na mbaya kuliko hapo ni pale maji yanaporudi, maana bahari yetu ya mashariki ikianza kujaa haikusubiri, unaingia shimo moja tu na miguu huwezi kuipiga. Kuna mradi mmoja uligawa magambuti kwa kikundi cha kina mama huku, siutaji, walipewa wakashukuru, leo hayo magambuti yanalimia muhogo. Huko yanafaa sana.

Mwaka mmoja alinijia mgeni kutoka Finland, kandambili yake imekatika, na wakati namshonea tukawa tunazungumza uvuvi. Akanambia kwao ziwa linaganda, wanatoboa tundu kwenye barafu, wanakaa hapo masaa wanasubiri samaki. Nikamuuliza mnavaa nini miguuni, hilo ndo la kwanza mie kuuliza. Akanionesha picha kwenye simu, buti kubwa, ndani lina buti jengine la sufu nzito linatolewa likaanikwa, na akasema unanunua saizi iliyozidi kidogo ili vidole vicheze na hewa ikae, kwa sababu hiyo hewa ndo inayoshika joto, ukikaza sana mguu unaganda. Mantiki yake nimeielewa vizuri. Kwao kazi ya kiatu ni kuzuia maji yasiingie kabisa, mguu ukirowa basi hatari. Kwetu ni kinyume chake, maji yataingia tu utake usitake, kwahiyo kiatu cha pwani kinapimwa kwa mambo matatu: maji yatoke haraka, soli isitobolewe, na kisikuvuke ukaachwa peku katikati ya miiba. Na saizi pia tunapishana, wao wanaongeza, sie tunabana.

Soli sasa. Adui mkubwa ni wale wanyama wa bahari weusi wa duara wenye miiba mirefu, kila mtu wa pwani anawajua. Mwiba wake ni mwembamba, ndani una uwazi, na una vijimeno vidogo pembeni, ndo maana ukiingia haurudi, unakatikia ndani. Wapo na wale wadogo wenye miiba mifupi minene wanaojichimbia kwenye matundu ya mwamba, hao ndo wengi zaidi kwenye miamba yetu lakini wao hawaingii sana ndani. Juzi kaja bi mkubwa mmoja na yeboyebo lake, kile kiatu chepesi cha povu, anasema fundi kila nikivaa kinanichoma. Nimekigeuza, chini huoni kitu isipokuwa kidoa cheusi, nimetia kidole ndani, ncha ya mwiba imetokeza upande wa pili. Umepita soli nzima. Yeye alidhani ni mchanga.

Kwahiyo mie hapa mezani nna shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na mteja akiniletea kiatu naichomeka shazia katikati ya soli kwa nguvu ya dole gumba tu, bila nyundo bila chochote. Ikizama mpaka ikatokea ndani hicho kiatu si cha pwani, hata kingekuwa kizuri vipi. Fanya jaribio hili pale gengeni kabla hujalipa, muuzaji akikataa ujue kwa nini amekataa. Viatu vyote vya soli ya povu, zile nyepesi nyepesi, vinashindwa hapa. Yeboyebo linashindwa. Hata vile viatu vya maji vya kitambaa wanavyouziwa watalii pale Paje na Nungwi vingi vinashindwa, soli yake ni ngozi ya mpira tu, vimetengenezwa kwa ajili ya mchanga wa hoteli. Kinachofaulu ni mpira hasa, ule mweusi mgumu, unene wa kidole hivi.

Hapo ndo watu wananiuliza katambuga, zile ndala za tairi. Katambuga ni nzuri kwa soli, hakuna mwiba unaopita tairi, lakini angalia mambo mawili. Tairi la gari la siku hizi lina waya za chuma ndani, ukilikata waya zinabaki pembeni, zinaota kutu na zinaanza kukuchoma zenyewe, kwahiyo mwambie fundi akutengenezee kwa tairi la pikipiki, lile pale juu linapokanyaga barabara ndani huwa ni nailoni tu. La pili misumari. Fundi wa barabarani anapigilia mikanda kwa misumari na hilo kwa kutembelea mjini halina neno, ila maji ya chumvi bamvua mbili tatu tu msumari umeliwa, mkanda umechomoka na wewe uko mbali na ufukwe. Ishonwe kwa nailoni, au mshipi wa kuvulia. Na bado katambuga ina tatizo kwamba juu iko wazi, vidole na kisigino viko nje, kombe wale wanaosimama wima mchangani na makali juu watakukata hapo hapo pembeni ya kidole kidogo.

Kiatu ninachokipenda mie, na ndo ninachovaa, ni raba ya mtumba. Tafuta raba ya kitambaa au ya wavuwavu, soli ya mpira, matundu ya kamba yawe ya kushonwa yasiwe ya chuma, zipu usitake hata kuiona maana ya chuma inaliwa na ya plastiki inaganda mchanga, na zile za kubandika na kufungua zinajaa vipande vya mwani mpaka hazishiki tena. Ngozi hapana, inaoza. Njumu za mpira hapana, zile meno zinateleza juu ya mwamba wenye uchafu wa kijani mpaka unashangaa. Ukishaipata nipe mie au fundi wako afanye hivi: unang'oa sponji yote ya ndani, ile inanywa maji na kuficha mchanga, unatoboa matundu manne matano pembeni chini karibu kabisa na soli ili maji yatoke, alafu unakata kipande cha tairi la pikipiki kwa umbo la wayo unakiweka ndani mahali pa sponji, kingo zake unazichonga zisikukate. Juu yake kitambaa chembamba tu. Pembeni soli unaizungushia mshono wa nailoni, usiamini gundi peke yake, gundi na jua na chumvi haziwezani. Kinakuwa kizito kidogo, sibishi, lakini shazia haipiti.

Kamba za viatu zikikatika tumia taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani, kina mama wa mwani mnazo za kumwaga. Funga fundo mara mbili.

Kuvaa: uvae na soksi ndefu mpaka chini ya goti, si kwa ajili ya baridi, ni kwa sababu mchanga ukiingia kati ya mguu na kiatu unasugua mpaka ngozi inatoka, na juu ya kifundo pia kuna mwamba wa kukukwaruza. Kiatu kiwe kimekubana kikiwa kikavu maana kitambaa kikirowa kinalegea. Jaribu hivi, kirowanishe kwenye ndoo, kivae, kanyaga ncha ya kisigino kwa mguu mwengine alafu uvute. Kikivuka kirahisi basi kwenye tope kitabaki huko huko, na wa Chwaka na wa kwenye mikandaa kule Pemba wananielewa ninachosema. Kwa tope kwa kweli hata raba naona haifai, huko bora soksi mbili nene zenye mpira mwembamba chini, au zile buti za kuzamia.

Buti za kuzamia, zile za nioprini, ule mpira laini wa povu, wanazovaa watu wa daivingi, nimeulizwa sana. Zikipatikana za mtumba nzuri, zinabana mguu, hazivuki, na zina joto, maana maji machache yanayoingia yanakaa pale pale yanapata joto la mwili. Milimita 3 inatosha bahari yetu. Hizi nawashauri watu wa usiku, bamvua maji yanakupwa saa nne saa tano asubuhi na tena saa nne saa tano usiku, na wakati wa kusi upepo ule wa usiku ukiwa umerowa si mchezo, hapo sie nasi tunakaribiana na yule wa Finland kidogo. Ila angalia soli yake, piga shazia kama kawaida, nyingi ni nyembamba. Na juu mwiba mrefu unapita nioprini bila shida.

Sasa niseme kitu ambacho muuza viatu hapaswi kusema. Kuna samaki anayelala anafanana na jiwe, kajaa majani mgongoni, ana miiba 13 juu na kila mwiba una mifuko miwili ya sumu, ukimkanyaga uzito wako wewe ndo unaoisukuma sumu iingie. Hapo hata soli nzuri usiiamini kwa asilimia mia. Tembea polepole, tanguliza mchokoo, na kwenye mchanga burura miguu usiinyanyue, yule samaki taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Ukichomwa na mmoja kati ya hawa, toka majini mapema, tia mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, jaribu kwanza kwa mkono au kwa mguu mzima ule mwengine usije ukajibabua, kaa humo nusu saa mpaka saa moja na nusu, sumu yake inavunjwa na joto na maumivu yanapungua, na wakati huo huo mtu atafute usafiri wa hospitali. Ile miiba myeusi watu wanapaka utomvu wa papai, mie mwenyewe napaka, lakini mguu ukivimba ama mwiba ukiwa kwenye kiungo usikae nyumbani na papai lako.

Wenye sukari nawaomba mnisikilize peke yenu. Miguu yenu inaweza ikachomwa msisikie. Nyie msiende peku hata hatua mbili za kushusha ngalawa, na mkirudi vueni soksi muangalie wayo wote na kati ya vidole kwenye mwanga, au mwambie mtoto akuangalie.

Na wengine, kiatu kigumu kikishawapa ujasiri wanapita juu ya matumbawe yaliyo hai kakakaka mpaka mbele. Yule pweza unayemtafuta anakaa humo humo unamovunja. Kisiwa Panza kule Pemba wamefikia kufunga eneo miezi kadhaa ili pweza akue, sie tunatembea juu ya nyumba yake na soli ya tairi. Pita kwenye mchanga na mwamba mfu, njia zipo.

Wananiambia wazee wetu walienda peku. Walienda, kweli, na nyayo zao umeziona? Wayo wa marehemu bibi yangu shazia ingekatika. Wewe umevaa soksi na viatu tangu chekechea, unaingia pwani kwa bamvua mara mbili kwa mwezi, huo wayo utautoa wapi.

Matunzo hayana mengi. Ukirudi suuza kwa maji ya kisima ama ya bomba, ndani na nje, kung'uta mchanga, toa kile kipande cha tairi ukiweke pembeni, na anika kivulini penye upepo. Usianike juani juu ya bati, mpira unakakamaa unapasuka na ile ya povu inasinyaa, mtu ananiletea anasema fundi mguu wangu umekua. Na usivae kiatu kibichi siku ya pili kama una cha kubadili, fangasi za vidoleni zinaanzia hapo. Wenye mitumba wanafungua marobota asubuhi kwahiyo mwenye kutaka raba nzuri awahi, na mkiniletea za kutoboa na kushona leteni siku tatu kabla ya bamvua, msije jioni ya kuamkia, mie nami nataka kwenda pwani.