Kwa nini Waberberi huanza mwaka katikati ya Januari, tena wakiwa wametutangulia miaka 950?

Usiku wa kuamkia Januari 14, kwenye vijiji vya Souss kusini mwa Moroko, familia hukaa kuzunguka sinia moja la tagulla. Ukitaka kuijua tagulla, fikiria ugali wa shayiri iliyosagwa chenga, umechimbwa kidimbwi katikati na kujazwa mafuta ya argani, samli au asali. Ndani yake mpishi ameficha kokwa moja ya tende. Watu wanamega, wanachovya, wanatafuna polepole kuliko siku nyingine, maana anayeikuta kokwa ndiye mwenye baraka za mwaka, na katika baadhi ya nyumba hukabidhiwa ufunguo wa ghala. Siku yenyewe huitwa Yennayer. Mwaka unaoanza, kwa hesabu yao, umeupita wetu kwa miaka 950: mwaka 2026 kwao ni 2976.

Hapo pana maswali mawili. Kwa nini katikati ya Januari? Na hiyo 950 imetoka wapi? Watu huyajibu kwa pumzi moja, na ndipo wanapopotoka, kwa sababu tarehe ni ya wakulima na ina karne nyingi, ilhali nambari ni ya wahamiaji wa Paris na umri wake haujazidi wa mtu mzima.

Kwanza jina. "Waberberi" ni jina walilopewa. Limetokana na neno la Kigiriki walilobandikwa watu wenye lugha isiyoeleweka. Wenyewe hujiita Imazighen, mmoja wao ni Amazigh, na lugha yao ni Tamazight. Wanapatikana tangu oasisi ya Siwa huko Misri hadi pwani ya Atlantiki ya Moroko, na kusini wanafika Mali na Niger, kwa Watuareg wa Sahara. Wengi wao ni Waislamu, na hapo ndipo kisa cha kalenda kinapoanza.

Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, una siku 354 hivi. Kila mwaka unarudi nyuma siku 11, na baada ya miaka 33 hivi umezunguka misimu yote. Unatosha kabisa kwa kufunga na kuhiji, lakini mkulima wa shayiri hawezi kuutegemea: Ramadhani ikiangukia majira ya kulima leo, miaka michache baadaye imeangukia mavuno. Anahitaji mwaka mwingine, wa jua, wa kukaa pembeni ya ule wa dini.

Mzee wa Makunduchi hatashangaa hata kidogo. Waswahili nao walikuwa na Nairuzi yao, mwaka wa siku 365 ambao wakulima na mabaharia waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, ili kujua lini kupanda na lini pepo zitageuka. Mwaka Kogwa unaoogwa Makunduchi kila Julai ni mabaki ya kalenda hiyo. Tofauti ni asili: Waswahili walichukua jina kutoka Uajemi, Waberberi kutoka Rumi.

Yennayer ni Januari ya Kilatini, imesuguliwa tu na ndimi za milimani. Anayefuata ni Furar, kisha Meghres, Yebrir, Mayyu, na kadhalika hadi Dujanbir. Ni miezi ile ile ya kalenda aliyoianzisha Julius Caesar mwaka 45 kabla ya Kristo. Kalenda hiyo ina kasoro ndogo: mwaka wake umezidi ule wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 si kitu, lakini zikikusanyika kwa miaka 128 zinakuwa siku nzima. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha, akaruka siku kumi, na Ulaya ikamfuata taratibu. Wakulima wa milima ya Atlas na wa Kabylie, nchi ya milima kaskazini mwa Algeria, hawakuwa na sababu ya kumsikiliza Papa. Wakaendelea na kalenda yao, na leo pengo limefika siku 13. Januari mosi yao ni Januari 14 yetu. Ni pengo lile lile linalowafanya Waorthodoksi wa Urusi waadhimishe Krismasi Januari 7.

Basi mbona Algeria hupumzika Januari 12? Katika karne ya 19 pengo lilikuwa bado siku 12, hivyo Yennayer ilikuwa Januari 13 na mkesha wake Januari 12. Mwaka 1900 pengo likaongezeka siku moja, lakini si kila mtu aliyesogeza sherehe. Algeria ilipoifanya sikukuu ya taifa, kuanzia mwaka 2018, ilishika tarehe 12. Moroko, kwa agizo la Mfalme Mohammed VI la mwaka 2023, imeshika tarehe 14. Kihesabu Moroko ndiyo iliyo sahihi, lakini sidhani kama kuna bibi wa Tizi Ouzou, mji wa Kabylie, atakayehamisha siku ya kuchinja kuku wake wa sherehe kwa ajili ya hesabu. Tena baada ya mwaka 2100 pengo litakuwa siku 14, na ubishi utaanza upya.

Sasa ile 950. Mkulima wa zamani alijua Yennayer imeingia, lakini hakuwa akisema "mwaka wa elfu mbili na kadha". Miaka yake haikuwa na nambari. Alikumbuka mwaka wa nzige, mwaka wa theluji kubwa, mwaka wa njaa. Nambari ilizaliwa miongoni mwa Waberberi wa Algeria walioishi Paris, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati lugha yao ilipokuwa haina nafasi katika shule wala serikali za nchi zao. Walitafuta mahali pa kuanzia hesabu, wakamchagua Sheshonq wa Kwanza, farao mwenye asili ya Libya aliyeshika kiti cha Misri karibu na mwaka 950 kabla ya Kristo. Ammar Negadi, mzaliwa wa milima ya Aurès, alichapisha kalenda ya kwanza yenye hesabu hiyo mwaka 1980, nayo ikaandikwa 2930.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamfahamu farao huyo bila kujua. Wataalamu wengi humtambua kuwa ndiye Shishaki wa 1 Wafalme 14, aliyepanda Yerusalemu akachukua ngao za dhahabu za Sulemani. Mitaani husimuliwa kwamba aliivamia Misri na kumshinda Ramses wa Tatu, na wengine huongeza kwamba vita ilipiganwa Tlemcen, magharibi mwa Algeria. Hilo haliwezekani: Ramses wa Tatu alikuwa amekufa zaidi ya miaka 200 kabla yake, na ukoo wa Sheshonq ulikuwa umeishi Misri vizazi kadhaa, ukipanda vyeo vya jeshi. Hata hivyo sanamu yake ilisimamishwa Tizi Ouzou Januari 2021, na Wamisri wakalalamika kwamba wanaporwa farao wao.

Jikoni hakuna anayemtaja Sheshonq. Kabylie huchinjwa jogoo kwa kila mwanamume wa nyumba na kuku jike kwa kila mwanamke. Mjamzito huchinjiwa wote wawili, jogoo na kuku jike, maana hajulikani aliye tumboni. Nyama huliwa na kuskusi, na kila mtu ashibe hasa, ili mwaka usije ukawa wa njaa. Aliye safarini huwekewa kijiko chake kana kwamba yupo. Hupikwa pia ngano, dengu na maharage ya kuchemsha, vyakula vinavyovimba majini, vikiitia riziki nayo ivimbe. Vikali na vichungu huepukwa. Zamani wanawake walibadilisha na mafiga ya jiko, kazi ngumu kwenye baridi ile. Mijini huko Algeria, mtoto mdogo kuliko wote humiminiwa kichwani karanga, lozi na peremende, kisha wenziwe humrukia kuziokota. Na huko Beni Snous, karibu na Tlemcen, vijana huvaa vinyago vya simba na kupita nyumba kwa nyumba wakikusanya chakula.

Furaha yote hiyo inaangukia wakati mgumu. Yennayer inakaa katikati ya siku 40 za baridi kali: 20 za mwanzo huitwa nyusiku nyeupe, 20 zinazofuata nyusiku nyeusi. Ghala limeanza kupungua, shayiri shambani bado ni majani. Ndiyo maana mezani panajazwa kwa makusudi, na ndiyo maana hakuna anayeamini baridi imekwisha hata mwezi ukikaribia ukingoni. Watoto husimuliwa habari za bibi kizee mwenye mbuzi, ambaye siku ya mwisho ya Yennayer alitoka nje kwenye jua akaanza kuudhihaki mwezi: umekwisha, na hukunifanya kitu! Yennayer akaghadhibika, akamwendea Furar akamwomba siku moja ya mkopo. Furar akampa. Ikaja tufani iliyomgandisha bibi na mbuzi wake papo hapo. Kwa hiyo Yennayer ana siku 31 na Furar amebaki na 28, na siku ile ya dhoruba Wakabyle huiita amerdil, yaani mkopo. Ikifika, wachungaji wa zamani hawakutoa mbuzi zizini.