Difu ya mbele ya VX: yanosemwa maskani na ukweli wenyewe

Mie nnayo Land Cruiser Cygnus ya 1999, moja ya hizi tunazoziita VX, ndugu yake Lexus LX470, ile V8 ya lita 4.7, na difu ya mbele, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, nimebadilisha mwaka jana baada ya kuhangaika nayo miezi. Naandika haya kwa sababu kila nikipita gereji za Mwanakwerekwe hapa Unguja namkuta mtu na VX yake analipia kitu sicho, na inaniuma wallahi, pesa yenyewe kaitafuta kwa jasho.

La kwanza utaambiwa gari ikivuma mbele basi difu imekufa. Sio lazima. Toka nayo njia ya Tunguu asubuhi mapema kabla ya daladala kujaa, tembea 60 hivi, funga vioo na redio zima, usikilize. Mlio ukibadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia, apo shaka ya difu ni kubwa, mana pinioni, gia ndogo inayoleta nguvu, na krauni, gia kubwa inayoipokea, hubebana upande mmoja wa meno ukikanyaga na upande wa pili ukiachia. Ukibadilika unapopeleka stelingi kidogo kushoto kidogo kulia, itazame kwanza beringi ya gurudumu. Ukibadilika lami inapobadilika, ni tairi. Yangu mie ilikuwa na vyote viwili, beringi na difu, tukatia beringi mpya kulia mlio ukapungua nikafurahi, wiki ya pili nikafungua oili ya difu ikatoka na vipande vya chuma, sio ule unga laini unaoganda kwenye sumaku ya nati ambao ni wa kawaida, vipande khasa vya kushika kwa vidole.

Tena kuna wanokwambia tia grisi ndani, itanyamaza. Kunyamaza itanyamaza, siku chache. Meno yaloliwa hayaoti tena, na gia za difu husuguana kwa kuteleza, ndo mana zinataka oili ya GL-5, ile yenye dawa ya kuhimili mgandamizo. Grisi inasukumwa pembeni inakaa huko huko, beringi ya pinioni inabaki kavu, na ikishafika apo hata kile kilichokuwa cha kuokoa hukiokoi tena.

Sasa hili ndo linalokula watu zaidi: eti difu ya VX ni difu ya VX, yoyote ilotoka kwenye kontena la Dubai au Japani inaingia. Kuingia inaingia kweli, boliti zinakaa, ndo ubaya wake, mana kosa hulioni mpaka umeshalipa. Difu zina hesabu ya meno. Krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 10 ni 4.1, ya 43 kwa 10 ni 4.3, na kwa macho nje zote moja. Gari hizi zinavuta mbele na nyuma muda wote, kwahiyo ukitia mbele 4.3 na nyuma ipo 4.1 zinapishana karibu asilimia 5, difu ya kati, ile inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma, inazunguka bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka, na siku utakayobonyeza loki ya difu ya kati, inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja, kwenye lami, kitu kitavunjika. Itafute ile sahani ya maelezo ya gari, pameandikwa A/TM, code ya eksili na ya giaboksi zipo apo, ziandike uende nazo dukani. Halafu mwambie muuzaji akufungulie uhesabu meno mwenyewe. Akikataa, ondoka, hata kama amekupunguzia bei. Na kama una gari ya 1998 au 1999 tafuta difu ya kuanzia 2000, zile za mwanzo ndani zina spaida, vile vigia vidogo vya katikati ya difu, mbili tu na ndo dhaifu, za baadae zina nne.

Kuna wanosema toa propela ya mbele, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye difu, uendelee kutembea mpaka pesa ipatikane. Kwanza bila loki ya kati gari haiendi, nguvu yote inakimbilia pale palipo wazi. Ukiweka loki inakwenda kwa nyuma, ila difu ya mbele hujaipumzisha, magurudumu bado yanazungusha shafti, shafti zinazungusha krauni na pinioni, vile vipande vinaendelea kusaga. Kufika gereji sawa, miezi mitatu hapana.

Kubadilisha beringi peke yake ukarudishia krauni na pinioni kwa kukisia pia nimeona. Ule mwanya wa meno kwenye difu nyingi za Toyota ni milimita 0.13 mpaka 0.18, hapimi mtu kwa kidole hata awe fundi wa miaka 30, inatakiwa saa ya kupimia na rangi ya kuonesha meno yanagusana wapi. Kwa anaeweza, difu nzima nzuri ya mtumba ni salama kuliko hio kazi ya kukisia. Na bei ya ufundi usilinganishe na ya jirani mwenye BMW X5, ile difu imefungwa kwenye sampu ya injini, lile beseni la oili chini yake, na shafti moja inapita ndani ya sampu, kazi nyengine kabisa.

La mwisho ni bahari. Watu wanadhani difu imefungwa maji hayaingii. Umetoka mjini mpaka Kizimkazi difu imepata moto, unairudisha kinyumenyume kwenye maji kuvuta boti, bamvua limejaa mpaka maji yamefika mbele, ile hewa ya ndani inapoa ghafla inajikunja na inavuta maji ya chumvi kupitia kipumulio, kile kitundu cha difu cha kupitisha hewa, au sili ilochoka. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa ndo hayo, imwage siku hio hio usingoje Ijumaa.

Yangu nilimwaga oili baada ya kilomita 1,000 kuitazama, imetoka safi, na mpira wa kipumulio nimeupandisha mpaka juu kwenye boneti.