Uzamili wa biashara ya kimataifa si kozi ya kutoa mizigo bandarini

Hapa Tanga, ukisema unasoma uzamili wa nadharia na sera za biashara ya kimataifa, utaulizwa ushuru wa gari kutoka Japani ni kiasi gani. Wengi wanadhani ni kozi ya kutoa mizigo. Hiyo ni kazi ya wakala wa forodha, na ina mafunzo yake.

Uzamili unauliza: kwa nini nchi zinafanya biashara, na nani ananufaika? Mwaka 1817 mwanauchumi Mwingereza David Ricardo alitoa mfano. Ureno ilihitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza mvinyo na 90 kutengeneza kitambaa. Uingereza, 120 na 100. Ureno inashinda kote kuwili. Hata hivyo inaifaa kununua kitambaa Uingereza, maana kukitengeneza nyumbani kunachukua watu 90, ilhali mvinyo wa watu 80 unatosha kukilipia. Kwa hiyo si kweli kwamba nchi iliyozidiwa kwa kila kitu haina cha kuuza.

Lakini nadharia haiahidi kwamba kila mtu atapata. Mwaka 1941 wanauchumi Wolfgang Stolper na Paul Samuelson walionyesha kuwa biashara inaweza kushusha kipato halisi cha kundi moja hata nchi nzima inaponufaika. Na sisi wa Tanga tuna la kuongeza: nyuzi za plastiki zilipoenea miaka ya 1960, bei ya mkonge ilianguka, na mashamba mengi yakadhoofika. Mambo hayo darasani hupimwa kwa hesabu na takwimu, tena nzito. Anayetaka kujiunga aanze kuzinoa mapema.