Mbwa kutulia sio kwamba haumii

Watu wengi wanaamini mbwa akishachomwa sindano akalegea basi hasikii kitu, daktari akate tu. Hapana jamani. Kuna dawa kama asepromazini, hii inamtuliza mnyama tu, maumivu haiyagusi, yaani anasikia kisu vizuri ila nguvu ya kupambana ndo hana. Zailazini, dawa nyingine ya kutuliza, inapunguza maumivu kidogo lakini peke yake haitoshi kumhasi mbwa, ndo maana madaktari wengi wanachanganya na ketamini, dawa ya usingizi, na hapo usishtuke ukiona macho yako wazi, ketamini iko hivyo, ila yapakwe mafuta ya macho yasikauke.

Ng'ombe sasa, anapasuliwa ubavuni anatolewa ndama huku amesimama, anakuangalia kabisa, kwa sababu lidokaini imechomwa pale ubavuni na pamekufa ganzi. Huyo yuko macho na haumii, yule mbwa kalala na anaumia!

Halafu usiku dawa zikiisha mbwa anajikunja kwenye kona, chakula hagusi, watu wanasema "katulia". Anaumia huyo. Omba dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani, meloksikamu kwa mfano, kipimo aseme daktari. Na paka usimpe parasetamo hata robo, inamuua.